Mirija Tisa, Damu Moja

Kampala, Ijumaa

Kaka yangu Ramazani,

Salamu zangu zikukute umeketi, si umelala. Watoto wanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Simu zenu hazipatikani tangu juzi, nasikia mnara umeharibika, ndiyo maana nimempa barua hii dada mmoja wa Kindu anayepanda ndege kesho kuja huko kwenu.

Unajua kazi yangu hapa. Nchi jirani zimeunganisha maabara, na sisi ambao jana serikali zetu zilirushiana risasi leo tunapokezana darubini moja. Tunatengeneza kipimo cha kijiti, ili muuguzi kama wewe ajue hapohapo kando ya kitanda nani ana homa hii ya kutoka damu. Tunakijaribu kwa damu mnayotutumia kutoka vituoni.

Mwezi uliopita kituo chenu kilileta mirija tisa yenye majina tisa: wazee, akina mama, hata mtoto wa miaka minne. Mashine ikasema ni damu ya mtu mmoja, tena safi. Nikatoa tone langu nikalipima kando yake. Kaka, nilitamani ardhi inimeze. Ilikuwa damu ya ndugu yangu wa tumbo moja.

Ulivyocheka nilipokuuliza kwenye simu! "Watu wa huku hawataki sindano, mudogo wangu. Centre yetu ya afya isipotuma kitu, wataifunga. Damu njo damu!" Eti damu yoyote ni damu tu. Nami sikumwambia mkuu wangu, kwa sababu nawaelewa watu wa kwetu. Wakati wa vita wenye bunduki waliwakamua wanaume wa mtaa wetu damu kwa ajili ya majeruhi wao, na Baba alirudi nyumbani akishikilia ukuta, asipone tena. Nani angekubali sindano baada ya hapo?

Lakini kwa damu yako safi tuliandika kwamba kwenu hakuna homa. Dawa na glavu zikapelekwa Kampene badala ya kwenu. Kisha Mama akanipigia kuniambia mnazika kila wiki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikusaidia kuficha. Najichukia kwa hilo.

Juzi imefika mirija mingine. Majina mapya, damu ileile yako. Safari hii si safi.

Nimerudia kupima mara tatu. Leo asubuhi nimemweleza mkuu wangu kila kitu, kosa lako na langu. Madaktari watakuja kwa ndege, sijui siku gani. Wakifika usiwakimbie. Kwa sasa lala peke yako, na sahani yako asiiguse mtu.

Nisalimie shemeji, mwambie bado naota kula sombe yake. Nisalimie shangazi aliyetulea wakati wa vita. Ila uwasalimie ukiwa uani. Na Mama akija na mikono wazi kukukumbatia, kama kawaida yake, rudi nyuma, Kaka. Hata akilia, rudi nyuma.

Mdogo wako anayekupenda,
Shabani