Supu Chini ya Meza

Buyenzi, Jumanne, baada ya Isha

Tangu nirudi kutoka Korea, nilikoenda kununua vipuri, watu wananiuliza nilikula nini. Nawasimulia kimchi, kabichi yao iliyochacha kwa pilipili, na vijiti vya chuma vya kulia, vilivyonishinda. La meza siwaambii.

Nilikuwa nimeagiza supu ya samaki kwa mama mmoja mzee mwenye mkahawa. King'ora kikalia. Kabla sijafikiri nilikuwa chini ya meza, mikono kichwani, natamka shahada. Wateja wengine waliendelea kula. Kumbe yalikuwa mazoezi tu. Vita vyao vilinyamaza zamani, ila king'ora bado wanakipiga.

Hakuna aliyecheka. Yule mama alichuchumaa, akanisogezea bakuli kwa mikono miwili, kama sisi tunavyompa mgeni. Mwenyeji wangu akanitafsiria maneno yake: hata yeye, utotoni, alikula hivyo.

Leo jioni mabomu yameanza tena upande wa Kanyosha. Watoto wakaingia chini ya kitanda. Mke wangu alisimama na sinia la wali.

"Baba Amina, mi nimeshindwa. Wamekatala kutoka."

"Apana, usiwatoe."

Nikapiga magoti, nikawasogezea sinia kwa mikono miwili. Amina, ambaye bado hajaanza shule, akaniuliza, "Baba, vita ikiisha tutakula mezani?"

Nimesema ndiyo. Lakini naogopa. Yule mama ana mvi kichwa kizima, na chini ya meza hajapasahau.