Kasha la Mwaka Mwingine

Jumapili, tarehe tisa Machi, mwaka wangu wa thelathini na nane ugenini.

Mdogo wangu mpenzi Chiriku,

Salamu nyingi za moyoni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na wajukuu wamekuachia walau kiti kimoja cha kukalia. Mimi ni mzima kabisa. Macho yamepungua kidogo, lakini kwa msahihishaji wa vitabu aliyestaafu hilo si msiba. Makosa ya watu sasa yananipita bila kuniumiza. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huniachii nafasi ya kumaliza sentensi, na ya leo nataka niimalize.

Habari kubwa ni kwamba gari limewaka. Ndiyo, lile jekundu, ndugu wa lile la daktari wa mtaani kwetu, lililokuwa likipita tukaacha sahani mezani na kukimbilia dirishani, wewe ukiigiza mlio wake kwa midomo mpaka mama anatufukuza. Najua umenicheka miaka yote hii. Uliwahi hata kuniuliza kama gari hilo lina mimba ya tembo. Na sijasahau ahadi niliyokupa, kwamba siku litakapowaka nitalipakia melini nije nalo nyumbani. Kwa ahadi hiyo umepaka rangi chumba cha uani na umewapiga marufuku watoto kuingia humo na viatu. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Injini ya gari hili si kama za magari mengine. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake vipande viwili vya pembe tatu, viitwavyo rota, huzunguka, kila kimoja ndani ya kasha lake, na makasha hayo yamebanwa katikati ya sahani nene za chuma. Nilipolinunua, kasha moja lilikuwa zima na la pili limechubuka ndani vibaya. Nilihitaji kasha moja tu. Lakini wewe wanijua. Mtu aliyekula mkate wake kwa kulinganisha maandishi na maandishi hawezi kuvumilia vitu viwili visivyofanana. Nikaapa kwamba kasha jipya litakuwa la mwaka uleule wa la zamani, au halitaingia. Mwenye yadi ya vyuma chakavu aliniletea la mwaka mmoja, nikakataa. Akaniletea la mwaka mwingine, nikakataa. Mwishowe akiniona naingia getini alikuwa anajifanya amelala.

Aliyenikomesha ni mkereza vyuma mwenye karakana chini ya nyumba ninayopanga. Nimekutajia habari zake mara nyingi: mjane mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na watu humwita Mama Milimita kwa sababu hakuna kitu asichokipima. Siku moja, mbele ya wateja wake, alinitolea uvivu. Akasema mimi sitafuti kasha, natafuta sababu. Akasema mtu anayetaka kweli kusafiri haulizi basi limetengenezwa mwaka gani. Wateja wakaangua kicheko, na mmoja akapiga nyundo mezani kushangilia. Nikapanda ngazi nimenuna, na kwa siku kadhaa nikawa napita mlango wa nyuma kama mdaiwa.

Hasira ilipopoa nilirudi kumwonyesha kwamba hakuna sababu yoyote ninayoitafuta. Tukachukua kasha la kwanza nililoletewa nikalikataa, jipya kuliko langu kwa miaka mingi. Tukalipima kila mahali panapopimika, likakubali. Sasa, kati ya kasha na sahani hukaa mpira mwembamba wa kuzuia maji ya kupoza injini yasivuje kuingia ndani, nao una mfereji wake wa kulalia. Katika injini za zamani mfereji umechongwa kwenye kasha. Katika zile za baadaye waliuhamishia kwenye sahani. Sisi tulikuwa na sahani za zamani na kasha la baadaye, yaani mfereji haukuwepo kokote. Mpira hauna kitanda! Mimi niliona, nikanyamaza, nikijua fundi kama yeye hawezi kukosea. Naye aliona, akanyamaza, akijua mtu aliyesoma vitabu vyote vile hawezi kukosea. Tukaupaka gundi, tukakaza bolti, kila mmoja akimwamini mwenzake kwa adabu kabisa.

Chiriku, moshi uliotoka tulipojaribu kuwasha! Mweupe, mzito, ukafunika barabara, ukaingia kwa dobi wa ng'ambo ya barabara na kurudisha mashuka yake kwenye beseni. Zimamoto wakaja na king'ora. Mkubwa wao akauliza moto uko wapi, Mama Milimita akamjibu kwamba moto ndio tunaoutafuta sisi, yeye akiuona atuambie. Walipokwisha kuondoka tukakaa ukingoni mwa barabara, masizi usoni, nikamwuliza kwa nini hakusema kitu. Akaniuliza kwa nini mimi sikusema. Tulipoambiana, tulicheka mpaka nikashika mbavu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka hivyo bila wewe kuwepo.

Baada ya hapo tukawekeana sharti kwamba hakuna kunyamaza kwa heshima. Tukaenda yadini pamoja, na yeye akapitisha kidole kidogo kwenye kingo za makasha, moja baada ya jingine, mpaka kikaangukia mfereji. Lilikuwa kasha lililozaliwa miaka michache baada ya langu, mfereji upo, ila tundu la kutolea moshi ni pana kuliko la mwenzake. Nikasema, kwa sauti kama tulivyokubaliana, kwamba makasha haya hayatapumua sawasawa. Akakiri. Akasema gari litachechemea likiwa limesimama, na likianza mwendo litanyooka. Hata yeye mwenyewe, akasema, akiinuka kitini huchechemea kwanza, na hakuna aliyewahi kusema arudishwe kiwandani.

Na ndivyo lilivyo. Likisimama hulia pu-pu, kimya, pu, kama mtu anayejizuia kucheka msibani. Ukikanyaga mafuta, chembechembe zote zile hujikusanya zikawa sauti moja, ileile, Chiriku, ileile uliyokuwa ukiitoa kwa midomo. Nililia kidogo. Mama Milimita alisingizia kwamba anasafisha miwani, yote miwili.

Sasa nimefika penyewe. Safari ya kwanza ya gari hili ilikuwa ya kwenda kwa msajili wa ndoa. Una wifi.

Usikae chini kwa ghafula, kumbuka goti. Nilimwomba tuoane wakati injini bado imetawanyika mezani, hatujui kama itawaka au itaita tena zimamoto, kwa sababu sikutaka adhani namlipa fadhila. Akanijibu kwamba nimekawia kuliko gari lenyewe, kisha akaniomba nimshikie spana. Nilichukua hilo kuwa ndiyo, na kumbe nilisoma vizuri. Lile neno alilonirushia mbele ya wateja lilikuwa la kweli. Nilikuwa natafuta sababu ya kutosafiri, miaka na miaka, ila sikujua kwamba imesimama mbele yangu, miwani kichwani, inanikaripia.

Nyumbani nakupenda wewe, na nawapenda wote uliowazaa. Lakini nyumbani ninapopaota pana mama jikoni, na wewe dirishani bila meno ya mbele, na hakuna meli inayotia nanga hapo. Hapa nilipo pana mtu anayenisubiri kwa chai, na akichelewa namsubiri mimi.

Chumba cha uani mpe yule mjukuu anayesomea mitihani kwenye meza ya chakula, na umruhusu kuingia na viatu. Wewe mwenyewe njoo ututembelee goti likikubali. Nitakuzungusha mji mzima kwa gari jekundu, upige kelele kwa midomo upendavyo. Wifi yako anakusalimu. Nimemwambia unavyozungumza, akasema hana wasiwasi, amezoea mashine. Jibu lako kali nalisubiri kwa hamu, maana najua litakuwa kali, na najua chini ya ukali utakuwa unacheka.

Nisalimie shemeji, watoto na wajukuu, kila mmoja kwa jina lake, na yule mdogo mpe busu la ziada. Ubaki salama.

Ni mimi kaka yako, mwenye furaha.

Sirudi, mdogo wangu. Nimekaa.