Mgonjwa wa Markus

Shangazi Mkamburi,

Joto la Dubai unaweza kuanikia muhogo, lakini ngoja nikupe kioja. Kaka anakaa na Markus, mpishi wa hoteli, Mtoraja wa Indonesia. Tangu nifike kwao, kila asubuhi namuuliza, "Babu yako anaendeleaje?" Hunijibu, "Bado mgonjwa," nami namwombea apone upesi.

Jana Watoraja wenzake walijaa sebuleni. Walifanya duara, wakashikana vidole vya mwisho na kuimba taratibu kwa sauti nzito. Nikavutwa ndani. Kutupa jicho kwenye simu iliyokuwa mezani, naona video ya mazishi yanayoendelea kwao, na jeneza la babu yake!

"Amekufa lini?" nikamuuliza Markus.

"Mwaka juzi."

Kumbe kwao maiti ni mgonjwa mpaka azikwe, na hupelekewa chakula. Siku ya mazishi ndipo huimbiwa maisha yake yote, tangu tumboni mwa mama, ndipo aende zake. Mlinzi wa jengo, Mganda, alikuja kukataza kelele. Naye akaishia kushikwa kidole.

Sasa Shangazi, Mama ameniambia unaumwa. Tafadhali nipigie wewe mwenyewe, nikusikie ukinigombeza.

Anayekupenda ukiwa unafoka,
Mwadime