Kengele ya Baba Ilivyonyamaza

Thunder Bay,
Jumapili.

Kwako kaka Reijo,

Pokea salamu zangu, nawe unifikishie kwa wifi Bonnie na watoto huko Calgary. Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima, ila roho inanichafuka kila nikikumbuka niliyoyaona.

Uliniuliza kwa nini nimemtoa Baba katika makao ya wazee uliyotutafutia. Kaka, Baba alianguka bafuni mchana kweupe, akavunjika nyonga. Alibonyeza kengele yake ya mkononi, akabonyeza tena, hakuja mtu. Alilala kwenye mkojo wake mpaka walipompelekea chakula cha jioni.

Mkurugenzi, yaani Curtis, ndugu yake wifi, alinipokea kwa tabasamu. Alisema muuguzi Rowena alikuwa anachezea simu, na ameshamfukuza. Nilimkuta Rowena kwenye maegesho, macho yamemvimba. "Dada Aila, naapa, nilikuwa nimekaa mbele ya ile kompyuta ya kengele na haikulia. Mzee ananiita binti yake, ningemwachaje?"

Unajua kazi yangu ni kuandika programu, basi nikaomba kuiona kompyuta hiyo. Kwenye skrini palikuwa na dirisha moja tu la taarifa za wagonjwa. Hakuna vijipicha vya kufungulia programu, hata saa ya pembeni haikuwepo. Curtis akajisifu kwamba ndiye aliyeagiza eneokazi, yaani uwanja wa skrini wenye vijipicha na saa, lizimwe, wauguzi wakose pa kufungulia michezo.

Lakini eneokazi si pambo. Nalo ni programu, na programu nyingine huliegemea. Hii ya kengele haikuwa na dirisha lake. Ilijibanza kando ya saa, na mgonjwa akiita, ililikabidhi eneokazi ujumbe ili liuonyeshe na kupiga mlio. Eneokazi likizimwa, ujumbe unakabidhiwa hewa. Na mvivu aliyeiandika hakuifundisha hata kuuliza kama umepokelewa. Nililiwasha, nikabonyeza kengele ya Baba. Ikalia mpaka wauguzi wakatoka mbio.

Curtis hakushtuka, na hapo ndipo kinyaa kiliponishika. Alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Mafundi walishanionya kwamba kengele haitalia. Sasa unataka nini, Aila? Yule binti atapata kazi kwingine. Tusikuze mambo, sisi ni familia." Akaninyooshea mkono. Niliuangalia kama kitu kilichookotwa jalalani, nikatoka.

Sasa nikuambie nililokuficha tulipoongea kwa simu. Nimekwenda kwa wakaguzi wa serikali, nikayasema yote, na maneno ya nyuma ya mlango pia. Curtis amesimamishwa kazi, na Rowena amesafishwa jina.

Wala sikwenda kwa ujasiri wangu, kaka. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza, kwa ajili ya ndoa yako. Wifi Bonnie ndiye aliyenipigia. Alisema Curtis alimsimulia mambo ya mafundi huku akicheka, naye akashindwa kumeza chakula. "Nenda kaseme, wifi. Huyo ni baba yangu pia." Aliniomba nikuambie mimi, maana yeye anaogopa utamwona msaliti wa damu yake. Nakusihi, usimwache aendelee kuogopa ndani ya nyumba yake.

Baba yuko kwangu, anajifunza kutembea tena, na anawasalimu sana. Wabusu watoto kwa niaba yetu.

Ni mimi mdogo wako,
Aila