Dereva wa Injini ya Vitofali

Dagoretti Corner,
Nairobi.
Jumatatu jioni.

Mama mpendwa,

Mulembe Mama. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua sasa mvua zilivyopungua. Je, Baba mdogo anaendeleaje na kifua chake? Na yule ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, alizaa salama? Mimi huku sijambo, tena leo sijambo kuliko siku zote, hata wenzangu kazini wamenishangaa jinsi ninavyopiga mluzi mbele ya mashine ya kuchapisha.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu wengine. Mama, nakujua. Ningekuambia jambo hili kwa simu ungepiga vigelegele nikiwa bado katikati, majirani wangejaa uani, na mwisho wa habari usingeusikia. Kwa hiyo nimempa Nakhumicha barua hii, maana anakuja nyumbani kuwaona wazazi wake. Keti chini, vaa miwani, na usimwite mtu kabla hujamaliza.

Habari yenyewe ni ya Annah na baba yake, Mzee Muli. Nilikuambia tu kwamba mzee anataka muda kabla ya kuwapokea wazee wetu kwa posa. Sikukuambia alivyosema. Siku ile nilipokwenda kwao mara ya kwanza, hapo Riruta, alinikaribisha vizuri mpaka aliponiuliza kazi yangu. Nikamwambia kwamba mchana nachora kadi na mabango katika duka la kuchapisha River Road, na nikitoka hapo nabuni injini za mvuke kwa vitofali vya plastiki, vile vya watoto vya kupachikana. Nilimweleza kwamba nachora kila kipande kwenye kompyuta, nahakikisha magurudumu yanazunguka na pistoni zinakwenda mbele na nyuma, kisha michoro hiyo inanunuliwa na watu wazima wa hapa na wa ng'ambo wanaopenda kujiundia. Mzee aliweka kikombe chini. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia binti yake akamwambia, "Annah, huyu mtu yako ni mkubwa hivi na bado anacheza?" Halafu akasema kwamba yeye alikuwa dereva wa gari la moshi la chuma na moto, na hawezi kuitisha ukoo wake uje kumpokea dereva wa plastiki.

Nilikasirika, Mama. Nilitembea kutoka kwao mpaka nyumbani nikiongea peke yangu kama mwendawazimu. Mimi si mtoto. Naijua kazi yangu na naipenda, na sikuona aibu yoyote mpaka yule mzee aliponitafutia. Lakini Annah hakutaka tuende kwa chifu kimyakimya kama wengine wanavyofanya. Alitaka baba yake akubali kwa mdomo wake mwenyewe, na bila hilo hakukuwa na arusi. Nami nilimwelewa, ingawa nilinuna wiki nzima.

Ndipo nilipopata wazo. Kwa kina Annah kuna hadithi moja ambayo husimuliwa kila Krismasi, nyama ikishachomwa. Mzee Muli, kijana wa nguvu, anaendesha ile injini kubwa nyekundu, ndefu kama mtaa, kutoka Nairobi mpaka Mombasa na kurudi. Kisha injini za dizeli zinaingia, wakubwa wanamwomba aziendeshe, naye anakataa katakata na kuacha kazi, ndiyo maana akafungua kibanda cha kutengeneza pampu za maji. Annah ameijua hadithi hiyo tangu akiwa mgongoni. Nikajiambia, nitamjengea mzee injini yake.

Injini ya aina hiyo ipo pale makumbusho ya reli, karibu na stesheni. Nilikwenda na futi ya fundi nguo, nikapanda, nikainama, nikapima kila kitu, mpaka askari wa pale akaniuliza kama nataka kuinunua. Vitofali vingi nilivipata soko la Toi, kwenye magunia ya mitumba ya vitu vya watoto, nikaviosha kwa sabuni ndani ya karai. Rangi ile nyekundu ya damu ya mzee ilinitesa, kwa sababu vipande vya rangi hiyo ni vichache na vingine havijawahi kutengenezwa. Reli na mota nilipewa na Bwana Harbans wa Kitisuru, mteja wangu wa kwanza, ambaye wanawe wameshakua na wakaviacha vikikaliwa na vumbi.

Kisha nikafanya kosa la watu wa kazi yangu. Kwenye kompyuta kitofali hakina uzito, Mama. Unaweza kuchora boila, lile tangi la kuchemshia maji, ndefu upendavyo, nayo itaelea hapo kama malaika. Nilichora, nikajipongeza, nikajenga, nikamwita Annah aje aone. Nilipoinyanyua tu, boila ikapasuka katikati na vipande vikaingia chini ya kitanda, chini ya kabati, na kimoja ndani ya uji wake. Annah akaniambia nitie gundi. Nikamweleza kwamba kwetu sisi waundaji gundi ni mwiko, kwamba injini iliyogandishwa ni sawa na kuku wa kununua unayedai umemfuga. Akaniuliza nani atajua. Nikamjibu kwamba mimi nitajua. Alinicheka sana, lakini alibaki akanisaidia kuokota, nami nikaichora upya nikaitia uti wa mgongo ndani ya boila.

Jambo moja tu lilinishinda. Chumba cha dereva kilikuwa kimefungwa kule makumbusho, na picha zote nilizopata zilikuwa na giza pale ndani. Sikujua mkono wa kufungulia mvuke ulikaa wapi. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu, maana hakuna mzee asiyependa kuulizwa habari za ujana wake. Nikaibeba injini ikiwa nusu, nikaenda kumwuliza kwa heshima zote. Mama, alinikatiza. Alisema hayo ni mambo ya zamani, niangalie picha. Nilipomweleza kwamba picha hazionyeshi, akasema basi niweke popote. Hata hivyo aliichukua ile injini, akaipindua tumbo juu, akaichunguza kwa muda, akaniambia nimesahau matundu ya kuoshea boila. Akaona na vile vipande vyeusi nilivyojaza nyuma kama makaa, akaniuliza, "Hizi makaa ni za kuchoma mahindi?" Kumbe injini za huku zilichoma mafuta mazito, mimi nilikuwa nimeiga michoro ya Wazungu. Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha akanuna tena. Nilirudi nyumbani sijui nifurahi au nilie.

Basi jana baada ya kanisa tukakusanyika kwao. Mama yake Annah, Mama Veronicah, alikuwa amepika kuku na chapati, na ami yake Annah, Muindi, alikuwa amekuja pamoja na mkewe. Nilitandika reli kwenye meza kubwa, nikaiwasha injini, ikaondoka polepole ikivuta mabehewa yake, pistoni zikienda mbele na nyuma, ikapita kona zote bila kuyumba. Muindi alipiga makofi. Hata Mzee Muli alisogeza kiti. Moyo wangu ukatulia, nikasema moyoni kwamba sasa nimempata. Nikaisimamisha mbele yake, nikatoa kidoli kidogo nilichokitengeneza maalumu, chenye kofia na ovaroli ya buluu, nikampa kwa mikono miwili na kumwambia, "Baba, panda injini yako."

Alikishika. Alikipeleka mpaka mlangoni pa kile chumba cha dereva. Halafu akakilaza kwenye kitambaa cha meza, akainuka, akatoka nje.

Mama, sijawahi kuona aibu kama ile. Hakuna aliyekula. Annah alinitazama, macho yamemjaa machozi, na mimi nikaanza kung'oa reli kutoka mezani ili niwe na kitu cha kufanya kwa mikono. Nilijua nimekwisha. Nikawa nawaza namna ya kukuandikia barua nyingine, si hii. Ndipo nikasikia sauti kutoka nje ikiita, "Lenox!" Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja.

Nilimkuta amesimama kati ya pampu zake mbovu, amenipa mgongo. Akaniambia, "Mimi sijawahi kuendesha hiyo kitu. Hata futi moja." Kisha akanieleza yote bila kugeuka. Alikuwa muosha boila. Injini zilikuwa zikiingia karakana hapa Nairobi, zikapoa, yeye na wenzake wakafungua yale matundu chini, wakaingiza mpira wa maji na vyuma virefu, wakakwangua magamba ya chumvi mpaka maji yatoke safi. Ndiyo kazi aliyofanya mpaka injini za mvuke zilipoondolewa. Walipokwenda kwa kina Veronicah kuposa, msemaji wao alikuwa ami yake, marehemu Nthiwa. Wazee wa bibi arusi wakauliza kijana anafanya nini reli. Ami akawatazama nyuso, akaona muosha boila hatapewa mtu pale, akasema kijana ni dereva. Wanawake wakashangilia. Yeye, aliyekuwa ameketi kimya kama desturi inavyotaka, hakuweza kufungua mdomo bila kumwaibisha mkubwa wake mbele ya ukoo mzima. Baadaye kila alipotaka kusema, watoto walikuwa wameshaijua hadithi. Na dizeli zilipokuja, akapata sababu ya kusema amekataa.

Aliniambia kwamba hakunichukia kwa ajili ya vitofali. Alinichukia kwa sababu nilikuja nyumbani kwake nikaulizwa kazi, nikajibu ilivyo, na kuchekwa nikachekwa. Na nilipoanza kumwuliza habari za mikono ya mvuke, alihisi kama mtu anayebomolewa ukuta usiku. Mtu mzima yule alikuwa akilia. Nikamwuliza tu kama angependa nimtengenezee mtu wa kuosha boila, mwenye mpira wake wa maji, amepiga magoti chini ya injini. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akaniambia mpira uwe mweusi.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Alirudi ndani, akasimama mbele ya meza, akamwambia mkewe mbele ya mdogo wake na binti yake kwamba hakuwa dereva. Mama, nilishika ukingo wa kiti. Mama Veronicah aliendelea kumega chapati. Akasema, "Muli, ni nani alikuwa anafua hizo ovaroli yako? Dereva gani anarudi nyumbani magoti imejaa matope nyeupe?" Akasema alijua tangu wiki ya kwanza ya ndoa, lakini alikuwa anaipenda sana hadithi ile kila Krismasi, na tena alikuwa ameshamkubali kabla ami Nthiwa hajafungua mdomo. Muindi ndiye aliyecheka wa kwanza, akakiri kwamba yeye pia alijua. Annah peke yake ndiye hakujua, na alicheka huku akilia. Mzee Muli aliketi kama mtu aliyetuliwa gunia, akaomba apewe kuku mwingi. Nilimwona akivuta pumzi, Mama, na mimi nikavuta ya kwangu.

Tulipomaliza kula akasema wazee wetu waje. Ndiyo, Mama. Amekubali. Wanangoja tuwatajie siku, baada ya mavuno yenu itawafaa. Hakuna siri katika haya niliyokuandikia, maana mzee mwenyewe ameniruhusu, akasema amechoka kubeba.

Sasa nakuja kwenye ombi langu, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kungoja nije. Najua msemaji wetu atakuwa kaka yako, Mjomba, na hakuna anayemfikia kwa maneno matamu. Lakini namjua pia. Alipokwenda kumposea binamu yangu ambaye ni mlinzi wa geti, alimgeuza kuwa ofisa wa usalama kabla chai haijapoa. Nakhumicha ameniambia kwamba tayari huko nyumbani Mjomba ananiita injinia wa treni. Tafadhali Mama, zungumza naye wewe, mimi hatanisikia. Siku ile nitakuwa nimeketi kimya, nimeinamisha kichwa, na chochote atakachokisema nitaishi nacho.

Mzee Muli alinisindikiza jana mpaka barabarani, akanipa maneno ya kumpelekea Mjomba. Alisema, "Nitamuuliza kijana yenu anafanya nini. Aniambie tu anaunda treni za plastiki. Akisema hivyo, mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi."

Nisalimie Baba mdogo, watoto wote, na mama wa jirani aliyekuwa akiniombea. Annah anakusalimu kwa heshima na anauliza ni rangi gani ya leso unayoipenda. Mungu akulinde, Mama, na upumzishe hilo goti, maana safari ya Nairobi inakungoja.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Lenox Were