Kukoroma Kwangu na Panya wa Stoo

Misunkumilo, Mpanda

Mume wangu Baba Editha,

Hujambo huko Mwese? Mgongo unaendeleaje, na yule jogoo mgomvi? Mimi mzima, na safari hii sisemi hivyo kukutuliza. Naandika barua maana nikipiga simu unaweka sauti kubwa, mlima mzima unasikia.

Si unajua moyo ulivyonisumbua, dawa nameza na miguu bado inavimba? Wakanilaza wodi ya wagonjwa wa moyo. Wodi ya nani? Ya mwanao! Gauni jeupe limenyooka, hata daktari anamuuliza, "Sista, wewe unaonaje?" Nikamwambia daktari aliyemzaa ni mimi. Hakuniuliza, nikamwambia tu.

Basi Editha akapita kitanda kwa kitanda na karatasi, anatafuta wagonjwa wanaokatika pumzi wakiwa usingizini, maana hao moyo haupumziki. Swali la kwanza: "Unakoroma?" Wamama wote: "Hata kidogo!" Mtu mzima, mbele ya wakwe waliomletea uji, akubali anakoroma? Hata mimi nilisema, "Nalala kama kifaranga."

Editha akaniinamia sikioni. "Mama, nimelala chumba kimoja na wewe tangu nazaliwa. Ukikataa wewe, na hawa watakataa. Nitawapimaje? Na wewe nitakupoteza." Machozi yalikuwa yanamlenga.

Nikakaa kitako. "Jamani, nyie! Mimi nakoroma! Mume wangu alihamia stoo ya mahindi!"

Wodi nzima kicheko. Bibi mmoja wa Magamba akasema, "Afadhali wako kahamia stoo. Wangu kahamia kwa mke mdogo, akasingizia paa linavuja!" Hapo ndipo wakaanza kukiri mmoja mmoja, Editha anaandika, mimi natazama kama mwenye wodi.

Nikabanwa kidude kidoleni kama kibanio cha nguo, na kimpira puani. Asubuhi wakasoma: kweli, pumzi ilikuwa inakatika, inarudi, inakatika. Wameniazima kimashine kinachopuliza hewa kwenye barakoa. Baba Editha, nimelala! Kichwa chepesi, miguu imenywea, vile viatu nilivyovaa kwenye kipaimara cha Editha vinaingia bila kusukuma. Siku hizi kwa swali lile Editha anamwita mgonjwa pembeni, na anamuuliza pia anayelala naye. Wazo la nani? La mama yake.

Mwambie dada yako, yule aliyesema mtoto wa kike akisoma ni hasara, kwamba hasara yetu imevaa saa na inasikilizwa na madaktari. Mama mkwe wangu mpe shikamoo yangu, na katekista ambaye atakusomea hii mwambie asicheke sana.

Neno la mwisho ni letu wawili. Miaka yote hiyo ulisema unalala stoo kulinda mahindi yasiliwe na panya. Hukunitaja kwa mtu, hata kwa mama yako. Moyoni nilijua, ila sasa nimekubali. Ahsante, mume wangu. Nakuja mwezi ujao na kimashine changu, umeme si tumeshavuta? Tafuta paka wa stoo. Wewe rudi chumbani.

Mkeo asiyekoroma tena,
Mama Editha