Saba kwa Kumi

Nyumba za Walimu, Mlango wa Tatu,
Chuo cha Tiba.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Dada yangu mpendwa,

Habari za huko mbali? Goti linasemaje? Natumaini dawa unazimeza, huzifichi kwenye droo kama kawaida yako. Wifi yako hajambo, mapacha nao wazima. Mimi napumua.

Nisikuzungushe. Nimechoka, na safari hii si uchovu wa kulala ukaisha. Miaka ishirini na sita nafundisha watoto wa watu udaktari, na wiki hii nimeona kwamba sijui kufundisha.

Unakumbuka yale madaftari niliyokusimulia? Kila Jumatatu mwanafunzi ananiandikia ukurasa mmoja: amelalaje, anakulaje, wodini kumemfanya nini. Niliyaanzisha baada ya vijana watatu kuacha masomo mwaka mmoja, nikajisifu nayo hadi kwenye kikao cha walimu. Wanafunzi huniita Mzee Rudia, maana kila wakijibu nawaambia "rudia", lakini waliandika bila kunung'unika.

Kulikuwa na binti wa mwaka wa mwisho, tulimwita Kiroboto. Mdogo wa umbo, hatulii. Umemwona kitanda cha kwanza, ukigeuka yuko cha kumi. Wagonjwa walimpenda kuliko sisi sote. Mwezi wa tatu mtoto mchanga alimfia mikononi. Jumatatu yake akaandika: "Mikono inatetemeka hata nikishika kijiko. Naogopa kuingia wodini."

Dada, unajua nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu, kama wewe enzi zile ukisahihisha madaftari ya shule kwenye meza yetu ya chakula. Nikaandika pembeni: "Ilianza lini? Nini huizidisha? Nini huipunguza? Maelezo hayajakamilika." Chini nikampa saba kwa kumi. Naapa sikuwa na nia mbaya. Mkono ulijiendea tu, kama ninavyosahihisha taarifa ya mgonjwa.

Wiki iliyofuata aliandika: "Niko sawa, mwalimu." Mwandiko umenyooka, safi. Nikampa tisa. Wiki kumi na moja mfululizo alikuwa sawa, nami nikimpa tisa, na siku moja kumi kamili.

Jumatano hakuja kwenye raundi. Koti lake jeupe nililikuta limekunjwa kwenye kiti ofisini kwangu, na daftari juu yake.

Nilimfuata kwenye chumba alichopanga, nyuma ya kituo cha mafuta. Alinipa kiti chake cha pekee, yeye akakalia ndoo aliyoipindua. Nilimsihi arudi, kwa kuwa asiporudi kufikia Ijumaa jina lingefutwa. Nilisema yote niliyoyapanga njiani, mengine mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika funguo za gari, na zilikuwa zinagongana.

"Na wewe mwalimu, unaendeleaje?"

"Niko sawa," nikamjibu.

Akatabasamu kidogo. "Basi tisa kwa kumi," akasema, akanisindikiza mlangoni. Sikuona hasira usoni pake, na afadhali ningeiona.

Ijumaa imepita. Fomu ya kumfuta ilitaka saini ya mlezi wake wa masomo, na mlezi ni mimi. Nimeitia kwa kalamu nyeusi. Ile nyekundu nimeitupa, kana kwamba inasaidia.

Kesho ni Jumatatu. Madaftari arobaini yataletwa mezani kwangu, na najua wote watakuwa sawa. Nimefikiria kuandika barua ya kuacha kazi, na hata hiyo sijui nianzeje.

Nisalimie shemeji na wajukuu wako wote. Shangazi mwenye domo mwambie nimenyamaza kwa kukosa la kusema, si kwa kiburi. Mungu akutunze, akupe usingizi ambao mimi sina.

Wiki hii utanipigia simu, nakujua. Utaniuliza hali, nami nitasema niko sawa. Usinipe alama, dada. Rudia kuuliza.

Ni mimi akupendaye daima,
Mdogo wako, kitinda mimba